Kishikwambi chenye Sura ya Kompyuta ya Mezani: Kusimika, Kurekebisha na Kupima kabla ya Kumhudumia Mgonjwa

Neno kishikwambi lilikuwa la watu wachache hadi Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita kaya kwa kaya wakiwa nacho mkononi. Leo kifaa hicho kimo katika vyumba vya chanjo, katika kliniki za mama na mtoto, na mikobani mwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Zanzibar, mpango wa Jamii ni Afya huwapa wahudumu wa kujitolea wa Unguja na Pemba programu ya kuwaongoza wanapotembelea kaya. Bara, takwimu za vituo vya afya huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake nchini. Programu ya Android ya mfumo huo huhifadhi taarifa ndani ya kifaa pale mtandao unapokosekana, kisha huzituma mtandao ukirejea.

Malalamiko ya watumiaji yanafanana. Skrini ni pana, lakini programu moja huijaza yote. Muuguzi anayejaza fomu ya mtoto hulazimika kuifunga ili asome mwongozo wa matibabu, aikariri dozi, arudi kwenye fomu na kuiandika kwa kumbukumbu. Hapo ndipo anapotamani kishikwambi chake kifanane na kompyuta ya mezani: madirisha mawili yakae ubavu kwa ubavu, upau wa kazi uwe chini, kibodi na kipanya viwe pembeni. Tamaa hiyo ni halali, kwa kuwa dozi inayosomwa na kuandikwa papo hapo ni salama kuliko ile inayobebwa kichwani kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Somo hili linaeleza namna ya kulifikia lengo hilo. Msimamo wake ni kwamba kifaa kinachoandikiwa taarifa za mgonjwa ni chombo cha tiba, sawa na mizani ya kupimia watoto. Mizani ikifunguliwa na fundi, hairudi chumbani mpaka ipimwe upya kwa uzito unaojulikana. Kishikwambi nacho kiwe hivyo.

Mifumo iliyopita na iliyopo

Msomaji anayetafuta Android ya mezani hukutana mapema na jina la Remix OS. Kampuni ya Jide, iliyoanzishwa mwaka 2014 na watu waliowahi kufanya kazi Google, ndiyo iliyoutengeneza, na mwaka 2016 ilitoa toleo la kompyuta lililojengwa juu ya mradi wa Android-x86. Ulikuwa mfumo mzuri kwa macho: madirisha yaliyokuzwa na kupunguzwa, orodha ya kuanzia kwenye kona, mikato ya kibodi. Lakini Julai 2017 kampuni ilitangaza kuacha kuutengeneza kwa watumiaji wa kawaida, na toleo lake la mwisho lilisimama kwenye Android 6. Faili zake bado zinazunguka kwenye flashi za mafundi. Kwa kucheza michezo, potelea mbali. Kwa rejesta ya wagonjwa, usiuguse. Kila udhaifu wa kiusalama uliogunduliwa katika Android tangu wakati huo umebaki wazi ndani yake, na hakuna wa kuuziba.

Habari njema ni kwamba mengi yaliyoifanya Remix OS ipendwe yamehamia ndani ya Android yenyewe. Android 7 ya mwaka 2016 ilileta skrini iliyogawanywa mara mbili. Android 12L ya mwaka 2022 iliongeza upau wa kazi kwa skrini pana. Samsung ilizindua DeX mwaka 2017 kwa simu zilizounganishwa na skrini ya nje, na mwaka uliofuata ikaiweka kwenye skrini ya kishikwambi chenyewe, kuanzia Galaxy Tab S4. Mwaka 2024 Google ilianza kujaribu madirisha ya mezani kwenye Pixel Tablet. Kwa hiyo swali la kwanza si mfumo gani usimikwe, bali ni kipi tayari kimo ndani ya kifaa ulicho nacho.

Anza na kidogo kinachotosha

Fungua Mipangilio, uende sehemu ya taarifa za kifaa, usome toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Google hutoa taarifa ya viraka vya usalama kila mwezi tangu Agosti 2015, kwa hiyo tarehe iliyo nyuma kwa miaka miwili au mitatu inakueleza kwamba mtengenezaji amekiacha kifaa hicho. Kama sasisho lipo, lipokee kabla ya jambo lolote jingine.

Kisha jaribu kugawanya skrini. Fungua mwongozo wa matibabu, ingia kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, gusa alama ya programu hiyo na uchague kugawanya. Kwa vituo vingi safari inaweza kuishia hapa. Fomu kushoto, mwongozo kulia, kibodi ya Bluetooth mezani. Hakuna mfumo uliobadilishwa na hakuna taarifa iliyo hatarini.

Anayehitaji zaidi afungue chaguo za wasanidi programu kwa kugusa nambari ya muundo mara saba. Humo kuna mambo mawili ya kufaa. La kwanza ni swichi inayolazimisha programu zote zikubali kubadilishwa ukubwa, na katika vifaa vingi nyingine ya kuruhusu madirisha huru. La pili ni upana mdogo zaidi wa skrini, namba inayoamua maandishi na vitufe viwe vya ukubwa gani. Android huihesabu skrini kuwa ya kishikwambi kuanzia 600. Ukiipandisha hadi 720 au 800, kila kitu hupungua na nafasi ya madirisha huongezeka. Andika namba ya awali kwenye karatasi kabla ya kuigusa, kisha panda polepole. Vitufe vikiwa vidogo mno, hata kurudi ulikotoka kutakuwa kazi. Ukimaliza, zima chaguo la kurekebisha kifaa kwa kebo ya USB, kwa sababu ni mlango wa nyuma kwa yeyote atakayechomeka kompyuta yake.

Ukilazimika kubadili mfumo mzima

Zipo hali mbili zinazohalalisha hatua hii: kifaa ni kizima lakini mtengenezaji hakisasishi tena, au ni kishikwambi chenye kichakato cha Intel kinachokubali mifumo ya familia ya Android-x86, kama vile Bliss OS. Kwa vishikwambi vingi vilivyobaki, njia inayoaminika ni LineageOS, mradi uliozaliwa baada ya CyanogenMod kufungwa mwishoni mwa mwaka 2016. Lakini LineageOS si vazi la saizi zote. Kila modeli ina faili lake, na vishikwambi viwili vyenye jina moja la dukani, kimoja cha laini na kingine cha Wi-Fi pekee, huwa na misimbo tofauti ya modeli. Soma msimbo huo ndani ya Mipangilio, usiuamini ule wa kwenye boksi.

Hapo tunafika madukani. Kati ya Kisutu na Kariakoo lipo eneo la Mchafukoge, jina ambalo sikio la Mswahili hulisikia kama agizo: mchafu, kaoge. Agizo hilo linakifaa sana kishikwambi cha mkono wa pili. Ukikinunua katika mitaa hii au kule Kariakoo, hakiki kwanza kama si cha wizi wala cha bandia. Chenye laini hutoa namba ya IMEI kwa *#06#, nayo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utaratibu ambao Watanzania waliuzoea wakati simu bandia zilipozimwa Juni 2016. Hakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake ya Google mbele yako. Tangu Android 5.1, kifaa kilichofutwa kwa nguvu kitaendelea kudai nenosiri la mwenyewe wa zamani. Pima pia hifadhi. Vipo vifaa vya bei rahisi vinavyotangaza hifadhi kubwa kuliko waliyo nayo kweli, navyo vikijaa huandika taarifa mpya juu ya za zamani bila kupiga kelele. Nakili video kubwa hadi kijae, kisha ufungue ile ya kwanza uone kama bado inacheza.

Kusimika kwenyewe kunahitaji kompyuta, kebo madhubuti na subira. Tuma kwanza taarifa zote za wagonjwa kwenye seva na uthibitishe kwamba zimefika, kwa sababu kufungua kufuli la butiloda, yaani programu ndogo inayouamsha mfumo, hufuta kila kitu kwa makusudi. Ni kinga dhidi ya mwizi, nayo haijui kukutofautisha naye. Kwa Samsung kuna gharama nyingine: kufuli hilo likishafunguliwa, ulinzi wa Knox huvunjika daima, na Secure Folder haitafanya kazi tena hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Pakua faili kutoka kwa mradi wenyewe na ulinganishe alama yake ya SHA-256 na ile iliyotangazwa. Herufi moja ikitofautiana, lifute. Betri iwe juu ya nusu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika mfumo, kompyuta ya mezani iliyoshika upande wa pili wa kebo itazimika na kukiacha kishikwambi kikiwa nusu mfu, kwa hiyo kompyuta ya mapajani yenye betri nzima ndiyo inayofaa.

Utaratibu ni huu: weka programu ya urejeshi ya mradi, futa hifadhi ya zamani, ingiza mfumo mpya, na kama utahitaji programu za Google, ziingize kabla ya kukiwasha mara ya kwanza. Ukizichelewesha, mara nyingi utalazimika kuanza upya. Uwashaji wa kwanza huchukua dakika kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa ukaushika kitufe cha kuzimia. Usifungue mamlaka ya juu ya mfumo, ile ambayo mafundi huiita kuruti. Kifaa kilichorutiwa huruhusu programu moja ipekue hifadhi ya nyingine, na rejesta ya VVU haina biashara ya kupekuliwa na programu ya tochi.

Mafundi wa Kariakoo ni hodari wa kuflashi, na wengi wao watamaliza kazi hii kabla chai yako haijapoa. Tatizo si mikono yao bali ni faili: limetoka wapi, na nani aliligusa kabla yake? Ukimpa kazi, mpe na faili ulilolihakiki, ukae hapo mpaka amalize. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Anayezikusanya ndiye anayewajibika kuzilinda, hata kifaa kikiwa mezani kwa mtu mwingine.

Neno hili linamhusu mgonjwa pia. Wengi hupiga picha kadi ya kliniki au majibu ya maabara na kuyaweka kwenye simu. Ni busara, lakini ziondoe kabla ya kumwachia fundi simu hiyo usiku kucha. Nawe unapohudumiwa, una haki ya kumwambia mhudumu, kwa upole, ageuze skrini isisomwe na anayesubiri nyuma yako. Madirisha mapana husomeka pia kwa mbali.

Kibodi ina lake. Kila kitufe ni sehemu ya kushikwa, na mhudumu akitoka kitandani kwa mgonjwa kwenda kwenye kibodi bila kunawa, atakuwa ameanzisha njia mpya ya vijidudu. Nunua kibodi bapa au yenye mfuniko wa silikoni, uipanguse kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70 baada ya kukizima kifaa. Usinyunyizie moja kwa moja, wala usitumie maji ya klorini yanayosafishia sakafu, kwani huharibu utando wa skrini na kuzitia kutu tundu za chaja.

Kupima upya

Sasa kifaa kinapendeza, upau uko chini na madirisha yanateleza. Hakijawa tayari.

Pima saa kwanza. Mfumo mpya huanza na saa za mahali fulani, na kishikwambi cha Wi-Fi pekee hakina mtandao wa simu wa kukisahihisha. Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya saa za dunia, na China iko saa nane. Mtoto aliyezaliwa tarehe 30 Juni saa mbili na nusu usiku, kifaa chenye saa za China kitamwandika kuwa amezaliwa tarehe 1 Julai saa saba na nusu usiku. Siku imehama na mwezi umehama. Dozi ya gentamicin kwa mtoto mchanga hutegemea uzito na iwapo amemaliza wiki ya kwanza ya maisha, kwa hiyo kosa la siku moja linaweza kumvusha mpaka huo au kumzuia nyuma yake. Taarifa za vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza nazo huharibika vivyo hivyo. Chagua saa za Afrika Mashariki kwa mkono, na uweke mtindo wa saa 24. Mama akisema alianza uchungu saa mbili usiku, andika 20:00. Kifaa hakijui kwamba sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapotua.

Kisha tarehe na desimali. Mfumo ukiachwa katika Kiingereza cha Marekani, mwezi hutangulia siku, na 03/04 huwa tarehe 4 Machi badala ya tarehe 3 Aprili. Ukichagua Kiswahili, angalia ni cha nchi gani: cha Tanzania hutenganisha desimali kwa nukta, cha Kongo kwa mkato. Andika nusu katika fomu ya majaribio, uihifadhi, uifungue tena. Imebaki 0.5? Au nukta imemezwa ikawa 5? Mililita 5 badala ya 0.5 ni dozi mara kumi. Rudia jaribio hilo ukiwa umeketi umbali wa kawaida, taa ikiwa hafifu, na umpe mwenzako mwenye macho ya miaka hamsini asome. Akisita kwenye nukta, shusha ile namba ya upana mpaka asisite, hata kama dirisha la pili litabanwa. Na popote uandikapo dozi kwa mkono wako, weka sifuri kabla ya nukta, wala usiiweke baada yake: 0.5 na 5, si .5 na 5.0.

La tatu ni gumu zaidi kwa sababu limezaliwa na faida yenyewe. Madirisha mawili yanaweza kuwa ya wagonjwa wawili. Asha Juma kushoto, Asha Jumaa kulia, na kipimo cha malaria cha mmoja kikaandikwa kwa mwingine. Mwaka 2019 jarida la JAMA lilichapisha jaribio lililofanyika New York, ambamo kundi moja la watabibu liliruhusiwa kufungua faili moja tu la mgonjwa kwa wakati, na jingine hadi manne. Maagizo yaliyoandikwa kwa mgonjwa asiye mwenyewe hayakutofautiana kiasi cha kuonekana kitakwimu. Msomaji asikimbilie kusema basi hakuna hatari: hata walioruhusiwa manne walifanya kazi kubwa wakiwa na moja tu mbele yao. Nao walikuwa kwenye skrini kubwa, si kwenye inchi kumi zenye jua la dirishani. Kwa maoni yangu, kwa kishikwambi cha zahanati sharti liwe mgonjwa mmoja. Dirisha la pili ni la mwongozo, kikokotoo au orodha ya dawa tu. Kabla ya kuhifadhi, taja jina, umri na namba ya kadi kwa sauti ya kumfikia mgonjwa pekee, uitikiwe.

Mwisho pima kufuli. Weka nenosiri la tarakimu sita au zaidi, skrini ijifunge baada ya dakika mbili, na uhakikishe katika mipangilio ya usalama kwamba hifadhi imesimbwa. Zima kifaa na ukiwashe: programu ya wagonjwa isifunguke bila nenosiri lake yenyewe. Zima mtandao, jaza fomu tatu, washa mtandao, kisha uthibitishe kwenye seva kwamba zimefika tatu, si mbili wala nne.

Tumia kifaa wiki nzima kwa wagonjwa wa kubuni, kwenye seva ya mafunzo ikiwa kituo kinayo, huku rejesta ya karatasi ikiendelea kama kawaida. Kila jioni linganisha mistari kumi. Tofauti ikionekana kwenye tarehe, kipimo au jina, iandike pamoja na saa iliyotokea, na kifaa kirudi kwa aliyekisimika kikiwa na karatasi hiyo.